Ile Disketi Banaitaka Mama

Juzi, mvua ikishapita, niliingia mu chumba ya binti yangu na sahani ya bukari mu mukono, na bila kugeuza kichwa akaniambia: "Mama, usiguse meza. Sijamaliza kukopia."

Minye sikuwa hata na mukono ya kugusia. Mukono moja sahani, mukono ingine kikombe ya maji. Nikasimama tu nyuma yake, naangalia. Mu ordinatere, kompyuta yake, iko na muchezo ya kuendesha malori, na ile siku alikuwa anatafuta kuingiza lori mupya, yenye kubeba makala ya kupikia mpaka juu, mizigo imefungwa na kamba, sawa zile zinapitaka hapa kwetu Kikula. Ile lori haikukuya na muchezo. Kuna muntu, sijui wa inchi gani, aliichora kwa kupenda tu, akaiweka fasi batu banaweza kuichukua. Batoto banaita ile kintu mod. Ni kipande ya kuongeza: unaiingiza, na muchezo yako inakuwa ingine kidogo.

"Na ikiharibu muchezo yote?" nikauliza.

"Haiwezi, Mama. Njo maana nakopia kwanza." Akavuta sahani, akakata tonge, na kinywa ikijaa akaanza kunielezea. Anachukua paka tu ku fasi yenye anajua, haiko ku kila kintu batu banatumiana mu telefone. Anaipitisha ku antivirus. Anaangalia kama ilitengenezwa kwa muchezo ya namna yake, haiko ya zamani. Safari zake zote zenye alikwisha kushinda anaziweka kopi pembeni. Kisha anaingiza moja, anafungua, anaendesha kidogo, akiona iko muzuri njo anawaza ya pili.

"Na kutoa?"

"Kutoa, nafunga muchezo kwanza. Na sitafuti kufuta na mukono, moja moja, nitasahau kipande ndani. Nafuata liste yangu. Ya mwisho njo inatoka mbele."

"Nani alikufundisha?"

Akainua mabega. "Mama, batu bote banajua."

Batu bote banajua. Nitakuambia ukweli, rafiki yangu, na Mungu ananisikia: nilisikia wivu. Mama ya miaka zaidi ya makumi ine, rozari mu mufuko ya kikwembe, namusikilia wivu mutoto nilizaa minye mwenyewe. Sababu yale yote alisema mbele ya kumeza tonge moja, minye nilijifunza nikiwa na miaka kumi na moja, na bei yake sijamaliza kulipa mpaka leo.

Tulikaaka hapa hapa Kikula, mu muji ya Likasi, chini kidogo ya soko, mu nyumba yenye baba alijenga yee mwenyewe, ukuta kisha ukuta. Asubuhi uliamshwa na sauti ya bamama banaita batu bakununue fretini, tusamaki ya kukausha, na nyuma yake ile tu-tu-tu ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, mu kila lupango. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mbele jua haijakuwa kali, kisha kupepeta bunga ya mama, yenye aliuzisha ku soko, kisha kuwasha mbabula, jiko ya makala, ya kambo, mama ya baba. Kambo ndiye alituchunga. Alikaa ku kiti yake kafupi, anachambua kalembula, majani ya viazi, na anasema maneno yenye ulielewa tu miaka ikishapita. Juu ya wivu alisemaka: "Moyo ya wivu ni nyungu ya kupasuka. Uijaze magaribi, asubuhi iko tupu."

Baba alikuwa anafanya kazi Kakontwe, ku majiwe ya chokaa. Kila siku alirudia mweupe. Mweupe mu kope, mweupe mu masikio, mweupe mpaka ndani ya kucha. Alinawa ku beseni inje, akala, na mbele ya kumaliza kula macho ilikuwa inafunga. Hakuwa mubaya, hakutupigaka. Lakini sikumbuki hata siku moja alikaa na minye akauliza: leo ulicheza nini? Nilikuwa naye kila magaribi ya maisha yangu, na nilimuona sawa muntu anaona ukuta ya nyumba yake.

Jirani yetu ya upande wa juu alikuwa fundi wa umeme kule Koni, fasi maji ya Lufira inageuka kuran ya umeme. Siye batoto tulimuita Papa Koni. Alikaa kule juma nzima. Siku ya posho, magaribi, aliteremka ku lori ya bafanyakazi na mufuko moja. Kesho yake, siku ya Mungu, kama saa kumi na moja, lori ilimurudisha. Mu katikati ya ile magaribi mbili, alikuwa baba ya binti yake.

Ule binti ndiye alikuwa rafiki yangu. Tulizaliwa mwaka moja, tulikaa ku banki moja ku masomo. Alikuwa na viatu ya kufunga, minye nilikuwa na sandali. Ile sikuijali. Kile nilijali ilikuwa mu salon yao, chini ya kitambaa ya maua yenye mama yake alishona, sawa kintu ya altari. Ordinatere. Ofisi fulani ilikuwa imeitupa, Papa Koni akaiokota, akaitengeneza na mikono yake. Herufi moja ya kuandikia ilikuwa imepotea, fasi yake alibandika kifungo ya shati. Ukiiwasha, ilianza kunguruma sawa mashini ya kusaga, kisha ikatulia, kisha ikawaka kijani, na siye batoto yenye tuliangalia kutoka ku dirisha tukanyamaza bote.

Kulikuwa na muchezo moja tu, ya mbio ya magari. Siku ya Mungu, misa ikishaisha, Papa Koni alivua koti, akakaa, binti yake akakaa pembeni ku kiti ya pili, na bakacheza mpaka chakula. Minye, juu nilikuwa rafiki, niliingia ndani. Nilikaa chini, ku beseni ya kugeuza. Mara moja moja bananipatia zamu. Na muchezo ikiisha, ilikuwa inaandika majina ya batu kumi balioshinda.

Ile liste, nilikuwa naijua sawa Baba Yetu. Ilikuwa na majina mbili paka. PAPA, kisha ya rafiki yangu, kisha PAPA, PAPA, kisha yee. Jina ya chini kabisa ilikuwa na herufi tatu tu, juu wakati aliiandika alikuwa kadogo, hajajua kumaliza jina yake. Ile liste njo ilikuwa siku zao zote za Mungu, zimepangwa. Minye nilikuwa wa kumi na moja. Kila mara wa kumi na moja.

Siku moja Papa Koni alikuya na disketi mbili, mwenzake wa kazi alimuazima. Ndani kulikuwa njia mupya na magari mupya ya kuongeza mu muchezo. Jina ya mod hatukuijua. Siye tuliita bageni.

Nilifikiri ataingiza mara moja. Hapana. Alitoa disketi ya tatu, tupu, akakopia muchezo yote ndani, pamoja na liste ya majina, akaandika na biki juu yake: MAMA. Akatuonyesha sawa padri anaonyesha ostia, Mungu anisamehe.

"Huyu ni mama," akasema. "Mama hachezi. Mama anabakia ku nyumba, anangoja. Bageni bakiharibu kila kintu, tunarudia kwake."

Kisha akamwambia binti yake akamate kaye ya kuandikia. Kila kintu yenye iliingia, aliandika jina yake, mustari kwa mustari, na yenye ilikamata fasi ya ingine, aliandika ilikamata fasi ya gani. Rafiki yangu akachoka haraka. "Papa, tuingize bote mbili mara moja."

"Na ikikataa, utajua ni gani ilikataa? Moja. Unafungua, unaangalia. Kisha ingine." Akaingiza moja, akafungua, gari ikakimbia ku njia mupya, siye tukapiga makofi. Na yee, badala ya kuendelea, akaitoa yote tena, juu tu aone kama inatoka muzuri. "Kutoa ni sawa kushusha mizigo ku lori. Mufuko ya mwisho kupanda njo inashuka kwanza. Ukivuta ya chini, yote inakuangukia ku kichwa." Akasoma kaye kuanzia chini kupanda juu, akarudisha kila kintu ku fasi yake, kisha akaiingiza tena. Akaangalia ampule, taa yao ku dari. "Na kama ampule inachezacheza, usiguse. Kuran ikikatika katikati, umebakia na nusu muntu ndani ya nyumba."

Ile yote nilikuwa nasikia kutoka ku beseni yangu, na haikuniuma. Kile kiliniuma kilifuata. Ile gari mupya ilikuwa na mulango ya kuandikia. Papa Koni akafanyafanya, akajaribu mara tatu, na gari ikatokea na jina ya binti yake ku mulango. Nyekundu. Rafiki yangu akaweka mikono ku kinywa. Baba yake akacheka, akamukamata ku kichwa na mukono kubwa, akamutikisa kidogo.

Nikasema: "Na yangu?"

Papa Koni alikuwa anavaa viatu yake, lori ilikaribia, hakusikia. Rafiki yangu njo alisikia. "Weye, uambie baba yako. Atakuandikia na chokaa ku ukuta."

Alicheka, na haikuwa hata na ubaya mingi ndani. Ni maneno ya batoto, muntu anaitupa na anasahau. Lakini minye sikuisahau. Mama yake akamuita aende kumuaga baba ku barabara. Nikabakia mu salon peke yangu. Ile disketi ya MAMA ilikuwa mu tiroir ya meza, niliona Papa Koni anaiweka mule. Nikafungua, nikaikamata, nikaiingiza chini ya blouse yangu, na nikatoka na mulango ya nyuma, naimba-imba.

Sikutafuta kuivunja. Nilitaka paka batafute. Nilitaka siku moja bakose kintu, sawa minye.

Kila mutoto ya Likasi ya wakati yetu alikuwa na mukebe ya mali yake, na kila mukebe ilikuwa na sumaku. Redio ikikufa, baba anafungua ile kifaa ya sauti, sumaku inakuwa yako. Mvua ikipita, maji inaacha mistari myeusi mu bulongo ya barabara. Siye tulivuta sumaku na kamba pale juu, na chuma ya unga inaruka, inasimama sawa nywele. Tulishindana nywele ya nani ni ndefu. Yangu ilikuwa nzito kupita ya bote, ya redio kubwa ya kambo. Ilikaa mu mukebe ya maziwa ya unga, chini ya kitanda. Fasi gani ingine ningeficha kintu ya bei? Niliweka disketi ya Mama ndani, juu ya sumaku, nikafunga, nikalala muzuri kabisa.

Siku ya tatu au ya ine, rafiki yangu akaniita kwao. Mama yake alikuwa ku soko. Tukawasha ordinatere, juu kuangalia tu ile gari na jina yake. Akaizungusha. Akaizungusha tena. Nikachoka kuiona.

"Disketi ya pili bado hamujaingiza," nikasema.

"Papa alisema siku ya Mungu."

"Ah. Bila Papa hauwezi."

"Naweza."

"Na mikono yako mwenyewe? Weye unajua paka kukaa pembeni na kucheka."

Unaona vile wivu inasema na sauti ya muzuri. Alinitazama, akakamata disketi, akaingiza. Hakufungua kaye. Ampule ku dari ilikuwa inachezacheza, niliiona, na yee pia aliona, na hakuna mwenye alisema kintu. Ordinatere ikanguruma, kale ka taa ka fasi ya disketi kakawaka, na kuran ikakatika.

Ikarudia nyuma ya saa moja. Tukawasha. Muchezo ikafungua nusu, ikaandika maneno ya kifaransa yenye hatukujua, ikajifunga. Tukajaribu mara mingi. Rafiki yangu akapangusa jasho, akajilazimisha kucheka. "Haina neno. Mama iko." Akafungua tiroir.

Akaondoa karatasi zote. Akaondoa biki, kamba, mishumaa. Akavuta tiroir yote inje, akaigeuza. Minye nilikuwa nimesimama pale, napanga mishumaa yenye ilianguka, moja pembeni ya ingine.

"Uliiona?" akaniuliza.

"Hapana."

Ile hapana, rafiki yangu, nimeitubu ku padri tatu mbalimbali, na bado naisikia.

Alilia bila sauti. Haikuwa juu ya muchezo. Alisema: "Majina yetu. Majina yetu na Papa yote iko mule." Na kitu ndani yangu kilifurahi. Kidogo, sawa paka yenye inafungua jicho moja. Kisha nikaogopa ile furaha. Nikakimbia kwetu, nikatoa disketi mu mukebe, nikapangusa unga ya chuma na sketi yangu, na asubuhi yake nikaiangusha nyuma ya tiroir yao. "Tutafute tena," nikamwambia. Tukaipata. Alinikumbatia. Alinikumbatia na nguvu, mu masikio ananiambia aksanti, aksanti.

Siku ya Mungu Papa Koni aliiingiza. Ordinatere ikakwaruza: krr, krr. Akaitoa, akaipuliza, akarudisha. Krr. Akaandika maneno, akangoja. Akafanya vile mpaka mama ya rafiki yangu akaita chakula mara mbili. Kisha akazima kila kintu na akarudisha kile kitambaa ya maua juu, pole pole, sawa muntu anafunika mutoto.

"Iko tupu," akasema. "Hakuna kintu ndani."

Hakupiga. Alimuuliza binti yake: kaye? Akajibu hakufungua. Ampule? Akajibu ilikuwa inachezacheza. "Bon," akasema, na akaenda kukaa inje mpaka lori ikafika. Siku yake moja yote, ya juma nzima, ilipita vile. Rafiki yangu alikaa ku mulango anamutazama mugongo. Minye ku beseni yangu. Na ile chuki yote ilikuwa imefika fasi yenye niliitaka, na fasi yenyewe ilikuwa mubaya.

Ile juma sikukula muzuri. Kambo akanigusa shingo, akasema: "Iko na kintu inakula ndani." Siku ya posho nikaenda kuungama. Padri alisikiliza, kisha akaniambia Mungu alikwisha kusikia, sasa niende nikaambie wale wenye hawajasikia. Nilitumaini ataniambia Salamu Maria kumi. Nilikuwa natayarisha hata makumi mbili.

Basi kesho yake, misa ikishaisha, niliingia kwao na sikukaa ku beseni. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema yote, na mulango na blouse na mukebe. Rafiki yangu alikuwa anageuka rangi. Papa Koni aliuliza kintu moja tu: "Mu mukebe kulikuwa nini ingine?"

Nikahesabu. Kifungo, mbegu, picha ya mutakatifu, sumaku.

"Sumaku kubwa?"

"Ya redio ya kambo."

Akafunga macho. Kisha akacheka, kacheko kafupi bila furaha. "Makosa yangu na minye. Nilibaambia maji, nilibaambia jua, nilibaambia kuran. Batoto ya Likasi, na sikusema sumaku. Sumaku inafuta disketi sawa kitambaa inafuta ubao." Akatazama kitambaa ya maua. Mwenzake wa Koni alikuwa amemupatia muchezo tena, mupya, bila jina hata moja. Akaniangalia muda mrefu. Nafikiri aliona ile yenye padri hakuona: nilikuwa tu mutoto ya kutaka kukaa ku kile kiti pembeni yake.

Akavuta kiti ya pili. "Ikala."

Rafiki yangu akasema: "Papa?"

"Weye unajua na haukufuata. Yee hajui. Muntu mwenye hajui njo anaharibu mingi."

Rafiki yangu akatoka. Kwa nyuma, ku jiko, tukasikia anakamata mutwangio mu mikono ya mama yake, na anaanza kutwanga sombe. Sikuwahi kusikia muntu anatwanga sombe vile.

Na minye nikakaa. Nilikopia muchezo, minye mwenyewe, na kidole ku kile kifungo ya shati. Niliandika MAMA na biki, akaniambia niandike pia siku yenye nilikopia. Niliandika mu kaye. Niliangalia ampule. Niliingiza mugeni moja, nikafungua, nikaendesha. Nikafunga. Nikaitoa kuanzia chini kupanda juu, na muchezo ikarudia sawa vile ilizaliwa. "Tena," Papa Koni akasema, na nikafanya tena. Nikikosea, hakukamata mukono yangu. Alingoja nione minye mwenyewe. Na mu mbio ya mwisho nikashinda, na liste ikatokea tupu, na akaniambia: "Andika." Nikaandika jina yangu. Wa kwanza. Alinishika ku kichwa na ule mukono kubwa, akatikisa kidogo. Nilikuwa nangojea ile miaka, na ilikuwa tamu sawa nilivyowaza. Siwezi kukudanganya kama ilikuwa chungu.

Njo pale kivuli ikaanguka mu mulango. Ilikuwa baba. Bakubwa ya kazi balikuwa bamemuita Kakontwe hata ile siku ya Mungu, alikuwa anatoka kule, na kambo alimutuma apite anichukue juu chakula inapoa. Alikuwa mweupe wote. Hakuingia, juu ya viatu yake na ile salon ya kupanguswa. Alisimama ku mulango, akaniona na jina yangu ku ordinatere na mukono ya muntu mwingine ku kichwa.

"Jambo, Papa," akamwambia jirani.

"Jambo sana, Papa. Ingia-ko."

"Hapana, minye niko na bulongo." Kisha akaniambia: "Kambo anakungoja."

"Baba, mara moja tu tena. Nitoe ya mwisho."

"Maliza," akasema. "Niko hapa."

Akakaa inje ku ngazi. Nilimaliza. Kisha nikasema mara ingine tena, na Papa Koni akakubali, na baba hakuita. Nikitoka, jua ilikuwa imegeuka. Mu njia, tuko babili, alitembea pembeni yangu, akauliza: "Ile ilikuwa nini ulikuwa unafanya?"

Mu maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza. Na minye, kichwa kikijaa, nikajibu: "Baba, hautaelewa."

"Ndiyo," akasema. Na akaendelea kutembea.

Rafiki yangu hakuniita tena kwao. Mwaka haukuisha, Papa Koni akapata kazi mbali, bakapakia bintu yote, ordinatere ikafungwa mu blanketi, na hakuna mwenye alinitumia habari yao. Ile nyumba sasa iko na duka mbele, banauzisha unite ya telefone. Batoto ya leo hawajui disketi ni nini. Mvua ikinyesha, mistari myeusi inabakia mu bulongo, na hakuna mwenye anavuta sumaku juu yake. Baba alikufa na kifua ya batu ya chokaa, kambo alimutangulia, na minye nilimaliza masomo yangu nikiwa mukubwa, magaribi, na batu bengine benye kuchoka. Mwalimu akatuonyesha ordinatere, na bote bakashangaa kuona vidole yangu inajua njia.

Nimeungama wizi, nimeungama uongo, nimeungama ile furaha kidogo. Mungu alisamehe, naamini. Lakini wivu yenyewe haikuisha, ilibadilisha tu fasi ya kukaa. Simusikilii tena wivu rafiki yangu na gari yake ya jina nyekundu. Hata binti yangu, ilinipita mbele ya sahani kupoa. Mwenye ninamusikilia wivu, siku zote, hata mu misa, ni ule mutoto wa miaka kumi na moja mu kile kiti, juu baba yake iko inje ku ngazi, anamungoja, na yee anaweza kusema mara moja tu tena.